Kuku Aliyefunga Kwaresima

Filofteia alinyang'anywa muhuri wa mkate kwa sababu ya yai moja, na yai lenyewe hata chumvi halikuwa nayo.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Alikuwa amekaa jikoni kwake, mlango kaurudishia, anachovya tonge la ugali kwenye kiini, ndipo Leontina, jirani yake wa ua kwa ua, akaingia kuazima hamira. Leontina hajawahi kupiga hodi tangu azaliwe. Alisimama kizingitini, akatazama kikaango, akatazama kidevu cha Filofteia kilichokuwa na umanjano, akasema, "Ee Mama wa Mungu," akaondoka bila hamira. Kufika jioni lile yai lilikuwa limekuwa mawili. Kufika Jumapili yalikuwa sita, na nyama ya nguruwe pembeni, na kwa maneno ya mke wa mwenyekiti wa kijiji, kulikuwa na mwanamume pia.

Prunoasa ni kijiji cha watu wanaojua kufunga. Kwaresima nzima hawagusi nyama, maziwa wala yai. Wanakula maharage, kabichi chachu na majirani zao.

Huo muhuri ni kipande cha mti wa mpeasi kilichochongwa msalaba, na hugandamizwa juu ya mkate wa kanisani kabla haujaingia tanurini. Mama yake Filofteia ndiye aliyekuwa nao zamani, kisha ukabaki kwa binti yake, juu ya kabati, umeviringishwa kitambaa cheupe. Filofteia alikuwa mjane. Mwanawe yuko Hispania anachuma stroberi, anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Ule muhuri ndio uliofanya watu wamwamkie kwanza barabarani kabla yeye hajawaamkia. Mama kasisi Eufrosina, mke wa kasisi wa kijiji, alikuja mwenyewe kuuchukua.

"Kwa muda tu, mwenzangu," alisema. "Mpaka maneno yapoe."

Akaupeleka kwa nani? Kwa Leontina.

Tangu siku hiyo mkate wa kanisani ukawa mgumu kama kwato. Watu waliutafuna kimya, machozi yakiwalenga, na kasisi Pantelimon akadhani ni toba.

*

Mwaka uliofuata, Kwaresima ilipokaribia, Filofteia alikuwa na kuku wachache tu, na aliyempenda kuliko wote alikuwa mweupe mmoja aliyemwita Mireasa, yaani bibi harusi. Alimnunua kwenye lile lori linalopita vijijini kila majira ya kuchipua na kuku wa kisasa ndani ya makreti. Kuku hao hutaga kama mashine, na kama mashine nao huharibika mapema. Mireasa alikuwa akimfuata kila mahali, kwenye mboga, kisimani, mpaka jikoni, na Filofteia alikuwa akimsimulia habari za siku nzima. Kuku hajibu, lakini pia haendi kusimulia kwingine. Prunoasa hiyo ni sifa adimu.

Wiki ya mwisho kabla ya mfungo Mireasa alitaga yai lisilo na ganda, laini, limelegea kama kifuko kilicholowa. Siku iliyofuata akaingia kiotani akashinda humo mchana kutwa, akatoka bila kitu. Baada ya hapo hakutaga tena.

Leontina, ambaye alijua mayai ya watu wengine kuliko ya kwake, aliegemea ua asubuhi moja.

"We Filofteia, yule mweupe wako amepatwa na nini? Simsikii akitetea. Wa kwangu wananijazia ndoo."

Filofteia alikuwa na ndoo ya pumba mkononi, na mwaka mzima wa hasira kifuani.

"Wa kwangu amefunga," alisema. "Tangu Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima hajatoa hata moja. Wako ndio wanataga mfungo mzima bila haya. Sijui wamelelewa na nani."

Alikusudia kumchoma, basi. Akangoja tusi lirudi. Halikurudi. Leontina alimtazama Mireasa. Kuku alikuwa amesimama peke yake ukutani, mbali na wenzake, kifua juu, macho nusu yamefumba.

"Jumatatu ile ile ya kwanza?"

"Ile ile."

"Na jogoo?"

"Hataki hata kumwona."

Leontina akajipiga ishara ya msalaba, na akaondoka mbio, shali limemwanguka begani.

*

Jumapili baada ya ibada nusu ya wanawake wa kijiji walikuwa wamejipanga kwenye ua wa Filofteia kama shomoro. Leontina alisimama mbele yao, akionyesha kwa kidole. Kuku hakuwa wake, lakini aliyemgundua alikuwa yeye, na hilo alilirudia mara nyingi.

"Mtazameni anavyosimama. Wima kabisa, kama yuko ibadani."

"Na miguu kaitanua."

"Ndiyo asichoke! Mimi mwenyewe ibada zile ndefu huwa naitanua."

"Ule upanga wa kichwani umepauka. Si ulikuwa mwekundu?"

"Huo ndio mfungo wenyewe. Wewe ungefunga kweli usingekuwa na mashavu hayo, Gherghina."

Gherghina, mwenye duka, alijishika mashavu. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na sasa alikuwa ameudhika pia, na vitu hivyo viwili vikikutana ni hatari.

"Sawa," alisema. "Lakini anayefunga anakonda. Mbona huyu tumbo linakaribia kuburura chini?"

Lilikuwa swali zuri, na Prunoasa hawapendi swali zuri. Walimgeukia mama kasisi.

Mama kasisi Eufrosina alifikiri kidogo, mikono juu ya tumbo lake mwenyewe, ambalo pia lilikuwa limevuka Kwaresima nyingi bila kupungua.

"Gherghina, Kwaresima mayai ya kuku wako unayafanya nini?"

"Nayaweka, mama kasisi. Ya Pasaka."

"Basi na yeye anayaweka."

"Humo tumboni?"

"Ulitaka ayaweke wapi? Ana kabati?"

Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja. Ikawa imeeleweka. Mireasa alikuwa ameyahifadhi mayai yake yote ya Kwaresima, na kengele za Pasaka zikilia atayaachilia. Mke wa mwenyekiti akaomba awekewe mawili. Mwingine akaomba moja la mwanawe asiyepata kazi, mwingine la mumewe asiyeitafuta. Gherghina, akili imemrudia, kesho yake alianza kuuza rangi nyekundu ya kupakia mayai ya Pasaka, aliyoiita ya mayai ya Mireasa, na ilikuwa ile ile ya mwaka jana.

Filofteia alisimama mlangoni na ndoo yake. Ilikuwa rahisi kusema. Jamani, nilikuwa namtania Leontina, kuku anaumwa. Maneno yenyewe yalishafika mdomoni. Lakini mama kasisi alimjia, akamshika kiwiko, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nyumba ambayo hata kuku wake anafunga, haifai ikae bila muhuri. Leontina, mpendwa, utaurudisha leo."

Uso wa Leontina! Filofteia angelipa kuuona, na aliuona bure. Yale maneno yaliyofika mdomoni akayameza yote.

*

Alijua, bwana. Tusimtetee. Mama yake alikuwa amemfundisha akiwa mdogo: kuku hakuambii anapoumwa, anaficha mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo mshike. Alipobaki peke yake alimpakata Mireasa, akapitisha mkono chini ya tumbo, nyuma ya mfupa wa kidari. Yai lililokwama huwa gumu, unalisikia kama jiwe ndani ya soksi. Hapa hapakuwa na jiwe. Palikuwa na maji. Ngozi imevutika, ina joto, na ukiisukuma upande huu inacheza upande ule. Na kidari, ambacho kilikuwa kimejaa nyama, kilikuwa kimekwisha, mfupa unachoma kiganja kama ncha ya jahazi bovu lililopanda mchangani. Manyoya ya nyuma yalikuwa yamelowa uchafu. Kuku mnene huwa mnene kote. Huyu alikuwa anakonda juu na kujaa chini.

"Wiki ijayo tutaenda kwa daktari," alimwambia. "Acha kwanza nioke mkate wa Jumapili hii."

Akaoka. Ulikuwa laini, msalaba umesimama juu yake safi kama umechorwa. Watu waliutafuna na kutazamana. Mwenyekiti wa kijiji alimwamkia kwanza. Wiki iliyofuata akasema wiki ijayo. Kisha ikaja siku ya samaki, mojawapo ya zile mbili za Kwaresima ambazo samaki anaruhusiwa, na wanawake walimletea Mireasa kichwa cha samaki kwenye kisahani. Hakukigusa.

"Mnaona?" alisema Leontina. "Hata kilichoruhusiwa hakitaki. Anatushinda sote."

Leontina alikuwa amekuja na kiti chake sasa. Kwa kuwa muhuri ulimtoka, alikuwa ameamua kuushikilia utakatifu wa kuku.

Halafu akaja daktari wa mifugo, Ghimpu, kuwachanja mbwa wa kijiji. Mtu mrefu, mchafu wa viatu, mkavu wa maneno. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na boksi lake la barafu alipowakuta wanawake uani kwa Filofteia. Akachungulia juu ya mabega yao.

"Huyo kuku anaumwa," alisema.

Waligeuka wote.

"Amefunga, daktari," alisema Leontina.

"Amefunga nini? Tumbo limejaa maji. Tazama anavyosimama, hawezi kuinama, tumbo linamsukuma. Tazama mdomo, anahema kwa mdomo na hakuna jua."

"Anasali," alisema mke wa mwenyekiti.

Mama kasisi alimtazama daktari toka viatu hadi kofia.

"Mwanangu, wewe asubuhi hii umekula nini?"

"Soseji."

"Ndiyo maana."

Hilo likamaliza kesi. Mla soseji hawezi kupima mfungaji. Ghimpu hakubishana nao. Alimgeukia Filofteia, kwa sauti ya chini.

"Mama, kuku ni wako. Mlete kwangu kesho, nitayatoa hayo maji apumue. Ukingoja Pasaka utamzika. Wewe umemshika tumbo? Umesikia kilichomo?"

Wanawake wote walimtazama Filofteia. Juu ya kabati nyuma yake, ndani ya kitambaa cheupe, kulikuwa na muhuri.

"Kuku wangu hana neno, daktari," alisema. "Mimi sijasikia kitu."

Na jogoo wake, mnyama mwovu ambaye kwa kawaida huwika wakati wowote apendao, akapanda juu ya rundo la kuni akawika. Filofteia aliyajua masomo ya Juma Kuu kwa kichwa, na lile la mtume aliyekana na jogoo akawika, huwa anayasikia kila mwaka akiwa amesimama. Alivua kiatu akamrushia.

*

Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi, alikuwa jikoni anakanda unga wa kanisani, mikono imezama hadi viwikoni. Mlango ulikuwa wazi, mti wa plamu umeanza kutoa maua. Mireasa alikuja kama kawaida yake, hatua moja moja, amejitanua kama mlevi anayejaribu kutembea mbele ya polisi. Akafika kizingitini. Alitaka kupanda kile kidato kidogo cha mlangoni ambacho alikipanda kila siku ya maisha yake. Akainua mguu. Hakuweza. Akainua tena. Kisha akaketi chini, mbawa zimefunguka, mdomo wazi, na ule upanga wa kichwani haukuwa tena na rangi ya kupauka, ulikuwa na rangi ya zabibu.

Hakulia. Alimtazama tu Filofteia kwa jicho moja, kama wanavyotazama.

Filofteia alitazama unga. Ungeumuka na kuharibika kama angeuacha, na hapangekuwa na mkate madhabahuni, na kijiji kizima kingejua saa hiyo hiyo. Akautazama muhuri mezani. Kisha akatukana, tusi la baba yake, tusi ambalo jiko lile lilikuwa halijalisikia tangu mzee afe, akamzoa kuku na mikono yake yenye unga, akamtia kwenye kikapu cha sokoni, akatoka.

Angeweza kupita nyuma, bondeni, ambako hakuna anayekuona ila mbuzi. Lakini kwa bondeni ni kuzunguka, na kuku alikuwa anakoroma. Akashika barabara. Na barabarani, mbele ya lango la Leontina, kuna benchi, na kwenye benchi walikuwepo wote: Leontina, mama kasisi, Gherghina, mke wa mwenyekiti, wakifunga vijitawi vya mti umeao kando ya maji, vya kubarikiwa kanisani kesho.

"Dada, mikono!" alisema Gherghina. "Umetoka tanurini?"

"Unampeleka wapi Mireasa?" Leontina alisimama. "Usimtikise hivyo, mayai!"

"Nampeleka kwa Ghimpu."

"Kwa mla soseji?"

"Kwa huyo huyo. Kuku hana yai hata moja humu, Leontina. Ni maji. Anaumwa tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza nilijua. Nilikuwa nakutania wewe."

Mama kasisi aliweka chini kijitawi chake. "Filofteia. Fikiri unachosema. Muhuri uko wapi?"

"Mezani, karibu na unga. Kauchukue, mlango uko wazi. Na unga auoke Leontina, sisi wengine tuna meno." Alikwishapita, akageuka tena, maana alikuwa amewasha moto na ukiwashwa mtu apashe mikono. "Na lile yai la mwaka jana, Leontina, yalikuwa mawili. La kwanza nilishalimaliza kabla hujaingia. Lilikuwa tamu zaidi."

*

Alikuwa amefika mwisho wa kijiji wakati gari kuukuu lilipomfikia likasimama. Alikuwa kasisi Pantelimon.

"Panda," alisema. "Naenda huko huko kununua mishumaa."

Kuku alihema kwenye kikapu. Kasisi aliendesha polepole kwenye mashimo, kwa heshima ya mgonjwa.

"Maji?" aliuliza mwishowe.

"Maji. Baba kasisi amejuaje?"

"Mama yangu alifuga kuku maisha yake yote. Nilipomwona tu pale uani, anavyosimama, nilijua."

Filofteia alimgeukia na mwili mzima. "Na hukusema?"

Kasisi alitazama barabara. "Kanisa lilikuwa limejaa, mwanangu. Kwaresima hii watu walisimama hadi nje. Watu ambao sijawaona tangu ubatizo wao." Akavuka shimo. "Na mkate ulikuwa unatafunika."

Filofteia alitafuta neno la kumwambia, akakuta kwamba lingemfaa yeye mwenyewe vile vile.

Chumba cha Ghimpu kiko nyuma ya duka la mbolea. Hakusema nilikwambia. Alimlaza Mireasa ubavu, akanyoa manyoya kidogo chini ya tumbo, akapaka dawa, akaingiza sindano. Maji yakaanza kuja kwenye bomba, manjano, kama chai isiyokolea, akayamimina kwenye chupa kubwa ya kuwekea achari, akavuta tena. Hakuyatoa yote kwa mkupuo. Alisema ukifanya hivyo moyo unashtuka. Kila yalipopungua Mireasa alifunga mdomo kidogo zaidi, mpaka ukafunga kabisa.

"Kuku hawa wa lori," alisema Ghimpu, "kiini kinapotoka wakati mwingine kinakosa njia yake. Badala ya kuingia kwenye mrija kinadondokea tumboni, kinaoza humo. Wengine ni uvimbe. Wengine ini. Nje vyote vinafanana. Ukiona kuku anasimama wima kama bwana harusi, upanga umefifia, nyuma kumechafuka, kidari kinaisha na tumbo linaongezeka, usimwite kasisi." Akainua macho. "Samahani, baba."

"Hapana, ni sawa," alisema kasisi, ambaye alikuwa amekaa kwenye gunia la mbolea.

"Atapona?"

"Maji yatarudi, mama. Yatarudi, nitayatoa, yatarudi. Anaweza kuyaona majira ya joto, anaweza asiyaone. Kutaga, hatataga tena. Ungemleta nilipokwambia ningempa dawa mapema, labda ingesaidia. Kulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Ya kuheshimiwa," alisema Filofteia.

Ghimpu aliifuta sindano. "Utamlisha kuku asiyetaga?"

"Na mimi sitagi, na ninakula."

*

Mtu angedhani Prunoasa wangeona haya. Hapana. Kufika Pasaka habari ilikuwa imekwisha kushonwa upya. Kuku alikuwa mtakatifu, hilo halikubadilika. Mayai yalikuwemo, yote, kila moja na siku yake. Bali Filofteia, kwa wivu au kwa tamaa, alimpelekea mla soseji, na yule akayanyonya kwa sindano yangali mabichi. Kuna waliojua na chupa aliyoyawekea. Mke wa mwenyekiti alikwenda hadi nyuma ya duka la mbolea kuomba kidogo, kwa ajili ya magoti. Ghimpu alimfukuza. Hiyo ikawa ushahidi.

Muhuri ulirudi kwa Leontina. Mkate ukawa kwato. Filofteia alisimama nyuma kanisani, na watu walimwamkia baada ya yeye kuwaamkia, au hawakumwamkia. Akirudi nyumbani, Mireasa alimpokea langoni. Alikuwa mwepesi tena, anaparua, anamfukuza jogoo. Maji yalirudi mara moja, Ghimpu akayatoa. Upanga haukuwa mwekundu, lakini ulikuwa wa waridi. Filofteia alimsimulia nani hakumwamkia siku hiyo. Alikuwa na mengi ya kusimulia kuliko zamani.

Pasaka ilipokwisha kupita, siku moja mchana, mlango wa nyuma wa ua ulifunguka, ule wa upande wa bondeni. Alikuwa Leontina. Alikuwa amepiga hodi. Filofteia alishtuka kuliko ambavyo angeshtushwa na mwizi.

Leontina alikuwa na kitu kifuani, kimefunikwa shali.

"Ni yule wangu wa kahawia," alisema. "Wa kwenye lori lile lile."

"Ana nini?"

"Anasimama."

"Wima?"

"Wima."

"Labda anasali."

Leontina alimkaza kuku kifuani. Filofteia alikuwa na maneno mengine mengi, ameyatunza, yamepangwa vizuri kama mayai kwenye trei. Akafunua shali. Kuku wa kahawia alimtazama kwa jicho moja, mdomo nusu wazi.

"Lete mkono," alisema Filofteia. "Si hapo. Chini, nyuma ya mfupa. Bonyeza taratibu."

Leontina akabonyeza. "Kama mfuko wa maji."

"Na kidari?"

"Hakipo. Mfupa mtupu." Aliacha mkono pale pale. Kisha akasema, polepole, "Filofteia, wewe ulikuwa unalisikia hili tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukatuacha tunampigia ishara ya msalaba."

"Mlikuwa mnapendeza."

Leontina alivuta kamasi. Ilikuwa karibu kuwa kicheko, ikaghairi. "Mimi wangu si wa mwisho kabisa bado, eti? Si kama wako alivyokuwa?"

"Bado. Wewe umemleta mapema. Tumwahi Ghimpu kabla hajatoka kwenda kwa ng'ombe wake." Filofteia alichukua kitambaa cha kichwa msumarini, akafunga fundo chini ya kidevu.

Leontina alikuwa amekwisha kugeukia mlango wa bondeni.

"Siyo huko," alisema Filofteia.

"Huko hakuna watu."

"Najua. Tunapita barabarani."

"Mama kasisi yuko kwenye benchi, dada. Wako wote."

"Najua wako wote. Mimi nilipita."

Leontina alisimama kitambo, kuku kifuani. Alitazama bonde, alitazama barabara, akamtazama kuku wake anahema. Halafu akatangulia kwenye lango la mbele, akilivuta shali juu, juu zaidi, mpaka kuku akafunikwa wote.

Filofteia alimfuata. Walipofika barabarani, mbele ya benchi, alinyoosha mkono akaivuta ncha ya shali chini, taratibu, kichwa cha kuku kikatokeza nje, chenye upanga uliopauka, ili kila mtu aone.